Andika Jina, Namba ya Simu na Saini

Kuna jengo moja Posta huwezi kupanda lifti mpaka uandike kwenye kaunta buku. Buku lenyewe limechoka, kalamu imefungwa kwa uzi isije ikaondoka na mtu, na kurasa zimepigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, unakotoka, unakokwenda, namba ya simu, saa ya kuingia, saini. Siku hiyo nilikuwa naenda ghorofa ya nne kudai hela ya kazi niliyoifanya kabla ya Pasaka, na mtu anayekwenda kudai hela huwa mpole kuliko kawaida yake. Nikajaza vyote, tena kwa mwandiko mzuri. Hela sikupewa. Mhasibu katoka kidogo.

Saa mbili usiku niko jikoni naunga maharage, ujumbe ukaingia kutoka namba nisiyoijua. "Mambo. Mimi nilikuwa nyuma yako leo pale mapokezi. Kile kitenge kilikutoa."

Sikujibu. Ila nilifanya kile ambacho mwanamke yeyote wa Dar aliyewahi kutumiwa ujumbe wa namna hiyo anajua kukifanya. Nikaingia kwenye menyu ya kutuma pesa, nikaweka namba yake, nikaandika shilingi 1,000, nikasubiri. Kabla hujaingiza namba ya siri unaonyeshwa jina la mpokeaji, usije ukakosea. Likatokea, kwa herufi kubwa kama tangazo la msiba. Nikakata muamala, jina nikalipeleka Facebook. Dakika kumi hazikuisha nilishajua kwamba ana mke na watoto wawili, mdogo kamaliza chekechea Desemba akiwa na joho la bluu, anaimba besi kwaya ya kanisani kwao, anashughulika na kutoa mizigo bandarini, na ni Simba. Nilikuwa nimeshafika kwenye picha za harusi, naangalia wasimamizi walivaa nini, ndipo harufu ya maharage yanayoungua iliponirudisha jikoni.

Nilianza kama mtu aliyechukuliwa namba yake bila kuulizwa. Nikamaliza nikiwa nimeshika familia nzima mkononi, pamoja na mtoto na joho lake, na hakuna hata mmoja wao aliyeandika jina kwangu.

Basi ndiyo nimekuwa nikilizungusha kichwani neno faragha. Katiba yetu ya mwaka 1977 inalo: Ibara ya 16 inaitwa haki ya faragha na ya usalama wa mtu, na Ibara ya 18 inakupa uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Kwa makaratasi hatujambo. Lakini mtaani neno hilo lina kazi nyingine kabisa. Nilimwambia shangazi yangu wa Tandika kwamba kijana wa steshenari kaingilia faragha yangu. Shangazi akanitazama tumbo kwanza, ndipo akauliza ni kijana yupi huyo, na kwao wapi.

Kijana wa watu hana kosa hata. Steshenari zetu ndivyo zilivyo. Namba ya WhatsApp imeandikwa ukutani kwa maka peni, unatuma kitu chako, yeye anakifungua kwenye kompyuta, anaprinti, unalipa, unaondoka, kitu chako kinabaki. Kioo cha kompyuta kimegeuziwa wateja ili tusaidiane kutafuta faili. Nikiwa kwenye foleni nilisoma, bila kukusudia (kwa dakika mbili za kwanza), cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mtu, mkataba wa chumba na sebule Mabibo, majibu ya ultrasaundi, na barua ya kuacha kazi iliyoanza kwa maneno ya heshima na kuishia vibaya. Mbele yangu mama mmoja alikuwa amefunika kitambulisho chake kwa kiganja. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo kila ukitoa kopi unatangaza na umri. Mama akakificha, akakificha, zamu yake ilipofika akakiweka kwenye mashine. Kopi tano.

Nadhani neno letu hasa, lile tulilozaliwa nalo, ni stara.

Nimekulia Magomeni, nyumba ya kupanga, vyumba sita, uani kumoja, choo kimoja, na kuta zilikuwa hazifiki darini. Chumba cha tatu wakigombana, chumba cha sita wanajua nani kashinda. Tulijua nani kalala bila kula, nani kodi inamsumbua, nani kapokea barua na kulia. Asubuhi mnakutana bombani. "Mmeamkaje?" "Salama tu, sijui nyie." Salama! Na jana usiku sufuria liliruka. Wote tulilisikia, na wote tulikuwa tumekubaliana bila kikao kwamba hatukulisikia. Hatukuwa na kuta za maana, tulikuwa na watu wanaojua kugeuza uso.

Sisemi hakukuwa na umbea. Ulikuwepo, tena wa daraja la juu. Lakini ulikwenda kwa miguu. Kutoka Magomeni Mapipa mpaka Buguruni habari ilikuwa inafika jioni, imeshapunguziwa na kuongezewa njiani, na mhusika alikuwa na nafasi ya kusema si kweli. Skrinishoti haiachi nafasi hiyo. Mwaka jana kwenye kamati ya harusi ya rafiki yetu mtu alikosea grupu. Maneno aliyokusudia kuyaandika kwenye grupu dogo la waliochoka kuchangishwa akayaweka kwenye grupu kubwa. Akafuta baada ya dakika moja. Jioni mama wa bwana harusi alikuwa nayo, na ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu sehemu inayosema "ukumbi wa nini, wana watu gani wa kuwaleta". Aliyeizungushia wino mpaka leo hajajulikana. Harusi ilifanyika, ukumbi ulijaa, na kuna meza mbili hazikupewa keki.

Sasa kuhusu binamu yangu. Simwiti jina, tayari ameshaitwa vya kutosha. Alibanwa na ada, akakopa shilingi 80,000 kwenye moja ya zile programu za mikopo ya kwenye simu ambazo mtaa unaziita kausha damu. Unapoipakua inakuomba ruhusa ya kuona majina uliyohifadhi, na mwenye shida ya ada hasomi, anabonyeza "Ruhusu" huku anatafuta kalamu. Alichelewa kulipa kwa siku tatu. Siku ya nne, saa 12 asubuhi, nikapokea ujumbe wenye jina lake kamili, ukinitaka nimweleze ndugu yangu alipe deni la watu aache utapeli. Waliupata pia mchungaji wake, mwalimu mkuu wa shule aliyokuwa anaipelekea ada, mzazi mwenzie waliyeachana naye kwa shari, na fundi bomba. Fundi bomba ndiye pekee aliyepiga simu kuuliza kama anaweza kusaidia.

Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyokuwa na leseni, na nilifurahi. Lakini jambo lililonikaa ni dogo zaidi. Nilipokwenda kumwona, akanionyesha simu yake ili nione hao waliotumiwa, na nikaona jinsi alivyonihifadhi. "Dada Mwandishi Hakopeshi." Hivyo ndivyo nilivyo kwenye kumbukumbu za kampuni hiyo, popote zilipo. Mimi sikupakua chochote, sikubonyeza Ruhusu. Namba yangu imegawiwa na watu wanaonipenda, mmoja mmoja, kila walipopakua programu ya mikopo, ya kubashiri mpira, ya kubadilisha sura yako iwe ya mzee. Na mimi nimegawa za kwao. Nimeihesabu ile ya sura ya mzee: majina 1,140.

Tukija kwa wakubwa, nako kuna vituko. Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole? Tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2019, ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, na foleni za NIDA zilikuwa ndefu mpaka watu wakapata wachumba humo. Mimi nilisajili chini ya mwamvuli barabarani. Kijana akanishika dole gumba: "Weka. Weka tena, mashine imegoma. Weka tena mara ya mwisho." Nikaweka mara nne. Baadaye nikasikia kuhusu *106#, unabonyeza unaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nina laini mbili. Zikatokea nne, mojawapo ya mtandao ambao sijawahi kuutumia hata kwa kuazima. Ina maana ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao tumezoea kuutuma 15040, namba ya kuripoti utapeli, huku tunawatukana matapeli, inawezekana kabisa kuna mahali nilikuwa nautuma mimi. Nilipokwenda kuzifunga niliombwa, ili kuthibitisha kwamba ni mimi ninayekataa, niweke kidole.

Kwa hiyo serikali ina vidole vyangu, ina tarehe yangu ya kuzaliwa, ina mtaa wangu na mjumbe wangu, ina laini zangu nne. Nchi nzima tumeandikishwa hivyo. Halafu mtu anachukuliwa nyumbani kwake usiku au anashushwa kwenye basi, na kesho yake tunaambiwa waliomchukua ni watu wasiojulikana. Naona hao ndio Watanzania pekee waliobaki na faragha kamili. Laini zao sijui zilisajiliwa kwa dole la nani.

Yupo mtu mmoja ninayemfikiria kila nikisikia neno stara. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, alifikishwa Mahakama ya Kisutu, na kesi zake zilihusu pamoja na mengine kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama walioandika kwa majina ya bandia. Aprili 2020, kwenye mojawapo ya kesi hizo, akatiwa hatiani na kupigwa faini ya shilingi milioni 3. Miaka zaidi ya mitatu ya kwenda na kurudi mahakamani kwa ajili ya majina ya watu ambao wengi wao pengine wakikutana naye kwenye mwendokasi hawampishi kiti. Mimi siri ya binamu yangu ilinishinda kuibeba kutoka Kimara mpaka Tandika. (Ndiyo, nilimwambia shangazi. Alishajua.)

Siasa za mtandaoni Dar zina adabu yake. Kwenye grupu la wazazi wa darasa la tatu imeandikwa juu kabisa kwamba siasa hapana, kwa hiyo siasa inaingia kwa mlango wa uani. Mtu anaweka habari, haongezi neno. Kimya. Watu sitini wameisoma, hakuna hata kidole gumba, kwa sababu kidole gumba nacho ni maoni. Wawili wanatoka kwenye grupu. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 admini yeyote mwenye akili anajiona yuko nusu mahakamani. Anaandika "tuzingatie lengo la grupu" na mikono ya kuomba. Kisha mzazi mmoja, namheshimu sana mama huyu, anaweka picha ya ua lenye umande na "asubuhi njema wapendwa", ingawa ni saa tisa alasiri, na maisha yanaendelea.

Mambo ya kweli yako stetasi, na stetasi ni kanga. Bibi zetu walikuwa hawagombani na jirani, walikuwa wanatoka uani wamejifunga "Hasidi hana sababu", wanaanika nguo taratibu, wanarudi ndani. Aliyeambiwa kaambiwa, na ukimuuliza atakwambia mwanangu, hii nilinunuliwa na marehemu. Leo mtu anaweka stetasi kuhusu jogoo wa nchi ya jirani anayekataa kushuka darini, viu 200, kila mtu kaelewa, na yeye akiulizwa anafuga kuku kweli. Nchi ya jirani inasemwa sana Dar es Salaam. Sijui wenyewe majirani wanajisikiaje.

Kuhusu VPN, ile programu inayoficha simu yako iko wapi, sitasema mengi, na mnanielewa kwa nini. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo kwamba wanaoitumia watoe taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Ni kama mcheze kombolela lakini kila mtoto aandikishe kwanza anakwenda kujificha wapi. Mtandao wa X ukafungwa Mei 2025, na kufikia Juni mama yangu, mwenye miaka 67, alikuwa ananipigia kuniuliza "ile ya ufunguo" inawashwaje. Simu yake sasa inaamini yuko Uholanzi. Anatangaziwa baiskeli. Nimejaribu kumweleza kwamba VPN ya bure nayo ni nyumba ya mtu, kwamba kila anachokifungua kinapita sebuleni kwa watu asiowajua. Akaniuliza hao asiowajua wana karandinga? Nikasema hapana. Akasema basi.

Jumatano ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa, na Dar ikapewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni. Hapa utani nauweka pembeni. Siku zile jirani tuliyenuniana kwa sababu ya maji alinigongea ukuta kuniuliza kama nina unga, tukaongea kwa saa nzima, yeye upande wake na mimi wangu, kila mlio ukisikika tunanyamaza, ukipita tunaendelea. Mtandao uliporudi wiki iliyofuata ukarudi na ujumbe wa polisi, kwamba kusambaza picha na video za kuleta taharuki ni kosa.

Shemeji yangu alikaa ukingoni mwa kitanda kuanzia saa nne asubuhi, anafuta. Alianza na video alizotumiwa. Akaenda kwenye magrupu. Akaenda kwenye sauti, akawa anazisikiliza kwanza, simu kaibana sikioni, kisha anafuta. Akafika kwenye picha za mazishi ya baba yake ya mwaka 2022, kule Same. Akazitazama muda mrefu. Akazifuta na zenyewe, kwa sababu zilikuwa na umati.

Mtaa wa pili kulikuwa na turubai. Tulipita, tukatoa pole, tukakaa kwenye mkeka, na hakuna aliyeuliza marehemu aliumwa nini, swali ambalo Mswahili haliachi hata kwa aliyefia miaka 97. Nilikuwa nikiamini stara ni kujua na kunyamaza. Wiki ile mtaa mzima ulijua, mtaa mzima ukanyamaza, tukaulizana tumeamkaje, tukajibu salama. Ilifanana nayo kwa kila kitu. Lakini Magomeni tulikuwa tunanyamaza ili mwenzetu aweze kutoka nje asubuhi. Hapa kila mtu alinyamaza ili atoke yeye.

Juzi nimerudi Posta, hela bado. Mapokezi nimemkuta mlinzi mwingine, mzee, miwani imefungwa na uzi sawa na ule wa kalamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Andika hapo."

Nikafungua kaunta buku, na kabla ya kuandika nikafanya nisichofanya mara ya kwanza: nikausoma ukurasa. Juu yangu walikuwa wamepita watu kumi na wanane. Watatu walitoka "Kariakoo" kwenda "ofisini". Mmoja saini yake ilikuwa moyo. Mmoja alijiita Juma Juma, na namba yake ya simu ilikuwa na sifuri nane mfululizo. Nikaandika jina la mwalimu wangu wa hisabati wa kidato cha pili, unakotoka nikaweka Same, kwenye simu nikabuni. Mzee akaligeuza buku upande wake, akapitisha kidole mstari hadi mstari, akasimama kwenye wangu.

"Hii namba mbona tisa?"

Moyo ukanipasuka. Nikamwambia samahani mzee, nimeruka moja, sijui ipi.

"Weka yoyote," akasema, akanirudishia kalamu. "Wanachokagua ni kama mistari imejaa."